Mavazi na Nguo za Kitani katika Misri ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kati ya jamii zote za kale, hakuna iliyotuachia nguo nyingi kama Misri. Pamba, sufu na kitani huoza upesi penye unyevunyevu, lakini mchanga mkavu wa kingo za jangwa la Misri umehifadhi kanzu, shuka, nguo za ndani na hata vitambaa vilivyotiwa viraka kwa zaidi ya miaka 5,000. Majibu yanayofuata yanategemea zaidi nguo hizo zenyewe kuliko picha za makaburini, kwa kuwa mchoraji wa kaburi alichora jinsi mtu alivyotaka kuonekana milele, ilhali kwapa lililochakaa halidanganyi.

Je, kitani ni kitu kimoja na katani?

Hapana, ingawa majina haya ni ndugu na asili yake ni ya Kiarabu. Katani inayojulikana Afrika Mashariki hutokana na majani ya mkonge, mmea wenye asili ya Mexico ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, na nyuzi zake ngumu hufaa kamba na magunia. Kitani hutokana na bua la mmea mwembamba wenye maua ya buluu, unaofikia urefu wa karibu mita moja, ambao nyuzi zake zimejificha kati ya ganda la nje na kiini cha bua.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekwisha kukutana na mmea huu mara nyingi, pengine bila kuuona. Yusufu alivikwa kitani nzuri na Farao, na Rahabu aliwaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani yaliyotandazwa juu ya dari. Katika kitabu cha Kutoka, mvua ya mawe iliipiga shayiri ikiwa na masuke na kitani ikiwa katika maua, na maelezo hayo yanalingana na kalenda ya mkulima wa bonde la Nile, ambaye alipanda mazao hayo mawili katika msimu mmoja.

Kitani iligeukaje kutoka bua hadi kuwa uzi?

Mbegu zilipandwa maji ya mafuriko ya Nile yalipopungua, karibu na mwezi wa Novemba, na mavuno yalianza karibu na Machi. Mmea haukukatwa kwa mundu bali uling'olewa pamoja na mizizi ili urefu wote wa nyuzi ubaki. Wakati wa kung'oa ndio ulioamua aina ya nguo: bua lililong'olewa likiwa bado kijani lilitoa uzi mwembamba na laini, lililoanza kuwa la manjano lilitoa uzi wa nguo za kawaida, na lililokomaa na kukauka lilifaa kamba na mikeka. Mkulima aliyetaka kitambaa cha hali ya juu kabisa alilazimika kuiacha mbegu ya shamba hilo ipotee, na hiyo ni sababu mojawapo ya kitambaa hicho kuwa ghali.

Baada ya kukaushwa na kuondolewa mbegu, mabua yalilowekwa majini kwa siku kadhaa hadi utomvu unaoshikanisha nyuzi ukaoza, kisha yakaanikwa na kupondwa kwa nyundo za mti ili kiini kivunjike na nyuzi zibaki. Wamisri wa kale hawakuvuta uzi kutoka katika fundo la nyuzi zilizochanwa, kama wasokotaji wa sufu au pamba wanavyofanya. Walichambua nyuzi kuwa vipande vyembamba virefu, wakaviunganisha ncha kwa ncha kwa kuviviringisha, mara nyingi pajani, jambo ambalo yeyote aliyewatazama wasusi wa vyondo wa Ukambani atalielewa bila maelezo zaidi. Uzi huo ulioungwa ulizungushwa kuwa mpira, ukawekwa ndani ya bakuli la udongo lenye vishikio vidogo kwa ndani, ukapitishwa chini ya vishikio hivyo ili ulowane na ukazike, halafu ukasokotwa kwa kijiti chenye uzito.

Kitani ikilowana hujipinda yenyewe kuelekea upande mmoja, na Wamisri walisokota kwa kuufuata upande huo. Ndiyo maana mtaalamu wa leo anapookota kipande cha nguo Misri na kukuta uzi umesokotwa kinyume, hushuku kwamba nguo hiyo ilitoka nje ya nchi.

Kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, kilikuwa cha namna gani?

Cha kwanza kilikuwa kimelazwa chini: boriti mbili zilizofungwa kwenye vigingi vinne ardhini, na mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ukavutwa katikati yake. Bakuli moja la udongo kutoka Badari, la karibu mwaka 4000 KK, lina mchoro wa kitanda kama hicho. Mfano wa kuvutia zaidi ni karakana ndogo ya mbao iliyowekwa kaburini mwa ofisa aitwaye Meketre karibu miaka 4,000 iliyopita na kugunduliwa mwaka 1920. Ndani yake wanawake wadogo wa mbao wanaandaa nyuzi, wanasokota wakiwa wamesimama, na wengine wamechuchumaa wakipitisha mshindio, yaani uzi wa upana, wote katika chumba kimoja.

Kuanzia karibu mwaka 1500 KK kitanda cha kusimama kilianza kutumika pamoja na kile cha zamani. Kilichukua nafasi ndogo zaidi na kilifaa nguo zenye mapambo, lakini hakikukiondoa kile cha chini.

Nani alifuma, wanawake au wanaume?

Kwa muda mrefu zaidi ni wanawake. Picha katika makaburi ya Beni Hasan, ya karibu mwaka 1900 KK, zinawaonyesha wakisokota na kufuma huku msimamizi akiwaangalia. Baadaye, kitanda cha kusimama kilipoingia, wanaume nao wanaonekana wakifuma. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK, alishangaa kwamba Misri wanawake huenda sokoni na wanaume hukaa nyumbani wakifuma. Usemi huo tuuchukue kwa tahadhari, kwa sababu alipenda kuionyesha Misri kama nchi ambayo kila kitu kinafanyika kinyume cha kwao.

Mahali pa kazi palikuwa pa namna mbili. Kulikuwa na karakana za mahekalu, za maofisa wakubwa na za nyumba ya wanawake wa kifalme iliyokuwa Gurob, karibu na Fayum. Na kulikuwa na nyumba za kawaida, ambamo kitambaa kilifumwa kwa mahitaji ya familia na ziada ikauzwa. Andiko moja la kale linalowasifu waandishi kwa kuzidharau kazi nyingine zote linamweleza mfumaji kama mtu aliyejikunja magoti yakigusa tumbo, asiyepata hewa, anayempa bawabu chakula ili aruhusiwe kutoka kuuona mwanga. Mwandishi wake alikuwa na nia ya kutia chumvi, lakini hakubuni mkao wa mtu aliyechuchumaa mbele ya kitanda cha chini kutwa nzima.

Mwanamume wa kawaida alivaa nini?

Vazi la msingi kabisa lilikuwa winda la pembetatu lenye kamba mbili za kufunga kiunoni, na ncha ya tatu ikapitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa mbele. Juu yake mtu aliweza kujifunga shuka fupi, iliyozungushwa kiunoni kama msuli ingawa kwa kawaida iliishia magotini. Mkulima na mvuvi walifanya kazi na winda peke yake, au bila chochote walipoingia majini.

Kanzu ilienea zaidi baada ya karibu mwaka 1550 KK. Ilikuwa ya ushonaji rahisi sana: kipande kimoja kirefu cha kitambaa kilikunjwa katikati, pembeni kikashonwa na kuachwa matundu ya mikono, kisha pale kwenye mkunjo pakakatwa tundu la duara lenye mpasuo mfupi kifuani, ambao ulifungwa kwa kamba. Mshonaji hakupoteza karibu chochote kwa mkasi, kwa sababu kitambaa kilifumwa kwa vipimo vya vazi lenyewe.

Je, ni kweli kwamba wanawake walivaa gauni la kubana namna ile tunayoiona kwenye michoro?

Ukiyapima magauni ya michorani utaona kwamba mvaaji asingeweza kupiga hatua, wala kuchuchumaa kusaga nafaka. Hakuna gauni la namna hiyo la kitani lililopatikana. Magauni yaliyosalia ni mapana, yenye shingo ya umbo la V na mara nyingi mikono mirefu, na mengi yao yanatoka katika zama zilezile ambazo wachoraji walikuwa wakichora kitambaa kilichoshika mwili kama ngozi. Mchoraji alitaka umbo la mwili lionekane. Mvaaji alitaka kutembea. Wanawake wengine walijifunga shuka kubwa tu, wakaizungusha mwilini na kuifunga begani au kifuani, na mwanamke wa pwani yetu aliyezoea kanga hahitaji kuelezwa jinsi kipande kimoja cha mraba kinavyoweza kuwa vazi la namna kumi.

Vazi la zamani zaidi lililopatikana ni lipi?

Ni gauni la Tarkhan, ambalo sasa liko katika makumbusho ya Petrie, jijini London. Lilifukuliwa na kikosi cha mwanaakiolojia Flinders Petrie mwaka 1913 likiwa ndani ya bonge la vitambaa vichafu ambalo hakuna aliyelishughulikia, na likakaa hivyo hadi mwaka 1977, wahifadhi walipolifungua bonge hilo na kulikuta. Vipimo vya kaboni vilivyotangazwa mwaka 2016 viliuweka umri wake kati ya mwaka 3482 na 3102 KK. Mabega na mikono yake vina marinda membamba, na sehemu ya chini imepotea, kwa hiyo urefu wake kamili haujulikani.

Jambo la thamani zaidi kuliko umri wake ni kwamba lilivaliwa. Viwikoni na kwapani mna mikunjo ya mwili uliokuwa ukisogea ndani yake, na lilikutwa likiwa limegeuzwa ndani nje, kama mtu anavyolivua gauni kwa kulivuta kichwani na kuliacha hivyohivyo.

Familia moja ilikuwa na nguo ngapi?

Tofauti zilikuwa kubwa, na kwa familia maskini hatuna sanduku la kuhesabu. Kwa mtu mwenye cheo cha kati tunaye Kha, msimamizi wa mafundi wa makaburi ya kifalme katika karne ya 14 KK, ambaye kaburi lake na la mkewe Merit lilikutwa halijaguswa mwaka 1906 huko Deir el-Medina, kijiji cha mafundi hao. Vitu vyake viko Turin, Italia. Kha alizikwa na kanzu nyingi nyepesi, nyingine nzito za msimu wa baridi, na mawinda karibu 50, huku nguo nyingi zikiwa zimetiwa alama yake kwa uzi. Mawinda 50 yanaweza kuonekana mengi, lakini katika nchi ya joto na vumbi ndiyo yaliyobadilishwa mara nyingi zaidi.

Mfalme Tutankhamun, ambaye kaburi lake liligunduliwa mwaka 1922, alikuwa na mawinda zaidi ya 100, pamoja na glavu na soksi zenye nafasi ya kutenganisha kidole gumba ili kamba ya ndara ipite.

Nguo zilifuliwaje, na dobi alikuwa nani?

Kijiji cha Deir el-Medina kilikuwa jangwani na hakikuwa na kisima. Maji yaliletwa kwa punda. Kwa hiyo serikali iliwapa wakazi wake madobi, ambao kila mmoja alihudumia nyumba kadhaa na kuzipeleka nguo mtoni. Orodha zao zimesalia juu ya vigae na vipande vya mawe, na baadhi zina picha ndogo za winda au kanzu pamoja na nukta za idadi, bila shaka kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Alama za Kha nazo sasa zinaeleweka: bila alama, nguo nyeupe ya mtu mmoja haina tofauti na ya jirani.

Dobi alizilowesha nguo, akazipiga kwa rungu juu ya jiwe, akazisuuza, akazikamua watu wawili wawili kwa kuzizungusha kwenye kijiti, kisha akazianika juani, ambako mwanga uliongeza weupe wake. Sabuni yake ilikuwa magadi, yaleyale ya jamii ya magadi ya ziwa Natron na ziwa Magadi, yaliyochimbwa katika bonde kavu lililo magharibi mwa delta ya Nile. Madobi wanaotajwa ni wanaume, na andiko lile linalowadharau wafumaji linawakumbusha kwamba jirani yao mtoni ni mamba.

Je, nguo zilitumika kama fedha?

Ndiyo, na hapa ndipo umuhimu wa kitambaa unapoonekana vizuri zaidi. Misri haikuwa na sarafu kwa sehemu kubwa ya historia yake. Mishahara ililipwa kwa nafaka, samaki, mafuta na nguo, na bei ilihesabiwa kwa uzito wa shaba uitwao deben, wa karibu gramu 91. Huko Deir el-Medina, katika karne ya 13 na ya 12 KK, kanzu ya kawaida ilikadiriwa kuwa na thamani ya karibu deben 5, na gunia la nafaka karibu deben 2. Fundi wa kawaida alipokea magunia matano na nusu kwa mwezi, kwa hiyo kanzu moja ilikaribia nusu ya nafaka yake ya mwezi mzima. Si ajabu kwamba wezi waliiba nguo, na kwamba mtu aliirithisha shuka yake kama tunavyorithisha shamba.

Karibu miaka 4,000 iliyopita mkulima aitwaye Hekanakht, akiwa safarini, aliiandikia familia yake barua akiwaagiza wakodi shamba kwa kulipa kitambaa kilichofumwa nyumbani. Katika barua hiyo kitambaa kinashughulikiwa sambamba na nafaka, kama mali ya kupimwa thamani.

Mwaka wa 29 wa utawala wa Farao Ramses III, malipo yalipochelewa, mafundi wa Deir el-Medina waliacha kazi wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu. Mgomo huo ni wa zamani zaidi kati ya ile iliyoandikwa. Mwandishi aliyeyanakili malalamiko yao anataja njaa na kiu, kisha kwamba hakuna nguo, hakuna mafuta, hakuna samaki wala mboga. Nguo imetajwa kabla ya samaki.

Kwa nini karibu kila mtu anaonekana amevaa nyeupe?

Kwa sababu kitani haishiki rangi kwa urahisi, tofauti na sufu. Weupe pia ulikuwa ishara ya usafi, na kuudumisha kulihitaji dobi, kwa hiyo ulikuwa na hadhi yake. Hata hivyo rangi zilikuwapo: nyekundu ya udongo au ya mizizi, na buluu ya mmea unaotoa rangi ileile ya nili, huku shabu ikitumika kuishikisha rangi nyuzini. Mara nyingi rangi hizo ziliishia kwenye taraza na matamvua badala ya kulijaza vazi zima.

Je, hawakuvaa sufu, ngozi au pamba?

Sufu ilivaliwa zaidi kuliko makaburi yanavyoonyesha. Herodotus anasema kwamba Wamisri walivaa joho jeupe la sufu juu ya kanzu ya kitani yenye matamvua, lakini hawakuingia nalo hekaluni wala hawakuzikwa nalo. Kwa kuwa makaburi ndiyo chanzo kikuu cha nguo zetu, sufu imekuwa kama haipo; lakini palipochimbwa makazi badala ya makaburi, kama kijiji cha mafundi huko Amarna, vipande vyake vimepatikana.

Askari na mabaharia walivaa juu ya winda la kitani winda lingine la ngozi laini iliyokatwakatwa matundu madogo hadi ikawa kama wavu, isipokuwa kiraka cha nyuma, kilichoachwa kizima kwa ajili ya kukalia. Pamba ilichelewa sana: ilikuwa kitambaa cha bonde la Indus kwa maelfu ya miaka, na katika bonde la Nile ilishamiri katika karne za kwanza BK, hasa kusini, katika ufalme wa Meroe.

Walivaa viatu?

Wengi walitembea pekupeku. Ndara zilifumwa kwa mafunjo au majani ya mtende, na za ngozi zilikuwa ghali zaidi. Kubebewa ndara kulikuwa heshima: kwenye bamba la mfalme Narmer, la karibu mwaka 3100 KK, nyuma yake amesimama mtumishi aliyezishika ndara zake.

Na watoto?

Michoro huwaonyesha uchi, wenye kishungi kimoja cha nywele upande wa kichwa. Huo ulikuwa mtindo wa kuchora utoto, na pengine desturi ya miezi ya joto, lakini usiku wa Januari jangwani una baridi kali, na nguo ndogo za watoto zimepatikana, zikiwamo baadhi katika kaburi la Tutankhamun.

Je, nguo za Misri zilifika pwani ya Afrika Mashariki?

Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unataja nguo zilizotengenezwa Misri mahususi kwa soko la Bahari ya Shamu, zikiuzwa Adulis, katika Eritrea ya leo. Unapofika Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani yetu, unataja mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, bila kutaja nguo. Karne nyingi baadaye biashara iligeuka: Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alikuta kitambaa kinachofumwa pale kikisafirishwa hadi Misri.

Nguo ikichakaa ilienda wapi?

Haikutupwa. Ilitiwa viraka, kisha ikakatwa kuwa nguo ndogo, kisha kitambaa cha kufutia. Vitambaa vikuukuu vilisokotwa na kupakwa mafuta vikawa tambi za taa zilizowamulikia mafundi ndani ya makaburi ya Bonde la Wafalme, na waandishi walihesabu ngapi zimetumika asubuhi na ngapi jioni.

Nyingine nyingi zikawa sanda. Bendeji za maiti iliyokaushwa kwa kawaida hazikufumwa kwa kazi hiyo bali zilichanwa kutoka katika shuka na kanzu za nyumbani, na kwenye nyingi bado inaonekana mishono ya vazi la awali na alama ya mwenye nguo. Mwili wa Wah, msimamizi wa ghala aliyefariki karibu miaka 4,000 iliyopita, ulizungushiwa kitani ya karibu mita za mraba 375. Kukusanya kiasi hicho kulihitaji miaka ya kuhifadhi, na bila shaka kulihitaji makabati ya watu wengine pia.